Udongo wa Nyuma ya Jikoni

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sijivunii, nasema tu. Ni fundi wa nguo, na cherehani yangu iko sebuleni hapa Amalemba, pembeni mwa mji, kwa hivyo hata kazi ililazimika kunifuata nyumbani. Wateja hunitania kwamba siku nikionekana mjini, lazima waanue nguo, mvua ya mawe inakuja. Nami hucheka. Ila kuna safari moja ya nusu saa kwa miguu ambayo sikuifanya ilipotakiwa, na hiyo hainichekeshi.

Shangazi yangu anaishi Mayoni, katikati ya miwa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binamu yangu, aliyeingia jeshini akafia ng'ambo ya mpaka. Mwili haukurudi. Nyumbani, kama ilivyo desturi kwetu, likazikwa gogo la mgomba mahali pake. Kaburi likafukiwa, watu wakala, wakaenda zao. Shangazi hakuridhika.

"Nimezika ndizi," alikuwa akisema. "Na ndizi sikuizaa."

Kisha mjini ikatengenezwa bustani ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa: ukuta wa jiwe jeusi wenye majina, nyasi, mabenchi. Siku ya kufunguliwa Shangazi alikuja, akaligusa jina la mwanawe kwa kidole, herufi moja moja. Alitaka achote udongo wa chini ya lile jina, aupeleke kaburini, mtoto afike kwao. Lakini viti vya wakubwa vilikuwa vimejaa pale mbele, akaona haya kuparura ardhi kama kuku watu wakimtazama. Baadaye miguu ikamvimba, safari zikaisha. Ndipo akaniita, akanipa kitambaa cheupe.

"Baba," aliniambia, maana nimerithi jina la babake. "Wewe unaishi hapo karibu. Niletee udongo kidogo tu wa chini ya jina lake. Ama mpaka kitanda kikupe ruhusa?"

"Shangazi, hiyo ni kazi ya dakika."

Ikawa kazi ya wiki tatu. Mara mvua, mara sare za shule za watu, mara nimekaa tu. Asubuhi ya siku niliyomwahidi nilifungua mlango wa nyuma, nikakuta manyunyu. Manyunyu, si mvua. Nikachukua kijiko, nikachota udongo nyuma ya jikoni, pale ninapomwaga maji ya vyombo. Udongo ni udongo, nilijiambia. Kitambaa nikakipinda ukingo kwa uzi mweupe, mshono mdogo mdogo, kazi safi kuliko ya mteja yeyote. Hata uongo wangu niliushona vizuri.

Shangazi aliupokea kwa mikono miwili. Akaumimina juu ya kaburi, akaomba kwa Kiluhya, akamalizia kwa Kiswahili, akamwambia mwanawe karibu nyumbani. Mimi nilisimama nyuma yake nimevua kofia.

Baada ya muda akanipigia simu. "Baba, njoo uone. Amejibu."

Nilienda. Juu ya kaburi, palepale, palikuwa pameota mche wa nyanya. Niliutambua kama fundi anavyotambua kiraka chake: ni mbegu za nyanya zangu, zilizomwagwa na maji ya vyombo. Shangazi alikuwa ameuegemeza kijiti na kuuzungushia miiba, kuku wasiufikie.

"Alikuwa anapendanga nyanya tangu akiwa mdogo," alisema. "Anaiba sufuriani kabla sijatia chumvi. Na wewe ndiwe unachapwa."

Nilifungua mdomo nimwambie. Nakumbuka vizuri kwamba niliufungua.

"Umekonda," akasema. "Kaa, kuna ingokho."

Nikakaa, nikala kuku.

Wiki hiyohiyo nilitoka nyumbani bila kusukumwa na mtu. Nilibeba kijiko na mfuko, nichote udongo wenyewe, nikaumwage kimyakimya chini ya ule mnyanya. Nilipofika bustanini, chini ya ukuta wote kulikuwa kumetandikwa vitofali vya kabro, vimebanana hata kijiko hakipenyi. Pamefagiwa, panapendeza. Mtunza bustani akaniona nimechuchumaa.

"Umeangusha nini, mzee?"

"Natafuta udongo wa hapa."

"Wa hapa ulibebwa na lori. Huu wa kwenye vyungu vya maua umetoka Bukura. Unataka huo?"

"Wa kwingine ninao tayari," nikasema. Akacheka, akidhani ni mzaha.

Nikasimama, nikasoma jina la binamu yangu kwa mara ya kwanza. Muda huo wote lilikuwa nusu saa kutoka kwangu.

Nyanya zilipoiva Shangazi alichuma moja tu. Akaikata katikati, akanyunyiza chumvi, akanipa nusu. "Wewe ndiwe ulimleta," alisema. Niliila. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mbegu akazikausha, akazifunga kwenye karatasi, akaniagiza nizipande kule bustanini chini ya jina, ili mtoto apate nyanya pande zote mbili.

Ziko kwenye droo ya cherehani, kati ya vifungo. Kila nikitafuta sindano naziona. Shangazi naye akipiga simu huanza na miguu yake, halafu miwa, halafu ananiuliza kama zimeota.

"Bado, Shangazi," namwambia. "Bado."