Mume Wangu Alimuua Kaka Yangu Mlangoni pa Duka

Barua hii imetufikia kutoka upande wa Kisarawe. Jina la mwenyewe tunalo, nasi hatutalitoa. Majina mengine tumeyabadili. Mhariri.

Bwana Mhariri, nawe msomaji, nawasalimu. Umri wangu umepita thelathini kidogo, nina watoto wanne, nakaa Kibuta. Kuandika nilifundishwa na marehemu baba, kwa hiyo hakuna aliyenishikia kalamu. Nimeitwa bomani Kisarawe kutoa ushahidi katika kesi ya kuua, na hapa nyumbani kila anayenishauri ana upande wake.

Mume wangu nimwite Shomari. Ana duka. Aliyemjengea duka hilo ni kaka yangu Kondo, tumbo moja na mimi. Alikata miti mwenyewe, akakandika udongo mwenyewe, na ujira akaukataa. Alisema, "Dada yangu atakula humo."

Tangu vita vianze vitu vimeadimika, hilo mnalijua. Lakini safari hii na mvua nazo zilitukimbia, mihogo ikawa mizizi mitupu, watu wote wakawa wanategemea duka. Shomari akaenda Ruvu akanunua mahindi, akayajaza chumba cha nyuma mpaka darini, akatia kufuli. Mbele akaweka gunia moja, nalo nusu. Kibaba cha asubuhi kikawa na bei yake, cha alasiri na bei yake. Mtu akiitaja bei ya serikali anaambiwa, "Basi kanunue kwa serikali." Wakinung'unika anasema bei zinatoka mjini, yeye afanyeje. Nilimwambia, "Baba Mwanaidi, watu wameshajua kuna mahindi ndani." Alinipiga kofi nikatoka damu puani. Tangu hapo nikanyamaza.

Siku ya msiba ilikuwa Ijumaa. Wifi yangu, mke wa Kondo, alikuja dukani na mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa hajamaliza hata arobaini yake. Akasema, "Shemeji, maziwa yamenikauka, nipimie kibaba kimoja, Kondo atakuja kulipa." Shomari akamjibu hakuna. Wifi akanyoosha kidole kwenye gunia. Shomari akatoka nyuma ya meza, akamshika bega, akamsukuma nje. Alianguka kifudifudi kwenye ngazi, meno mawili yakang'oka. Mtoto Mungu alimnusuru. Nilimfuta wifi damu kwa kanga yangu. Aliniangalia tu, akainuka, akaenda zake.

Watu walipotoka msikitini Kondo akaja, na nyuma yake wanaume wengi. Shomari alikuwa ameshafunga mlango, amesimama kwa ndani na panga mkononi. Ndani tulikuwa yeye na mimi. Nilimsikia Kondo vizuri, sauti yake haikuwa ya hasira. "Shemeji, fungua. Hatujaja kupora. Tuuzie kwa bei ya serikali, na mke wangu umtake radhi."

Shomari hakufungua. Wakasukuma mlango ukang'oka. Kondo aliingia wa kwanza, mikono mitupu. Nasema mikono mitupu kwa sababu niliiona, aliinyoosha mbele kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Pigo la kwanza la panga lilimkata kiganja, la pili likamwingia shingoni. Aliniangukia mimi. Alikuwa mzito, na damu yake ilikuwa ya moto kifuani pangu. Alijaribu kuniita jina, sauti ikatokea kwenye jeraha.

Nje walipoona wakaingia wote. Walimpiga Shomari kwa mipini ya majembe na kwa mawe ya mizani mpaka mguu ukavunjika na jicho moja likapasuka. Wengine wakavunja chumba cha nyuma. Magunia yakachanwa, mahindi yakamwagika mpaka alipolala kaka yangu. Wapo waliokuwa wakiomboleza, na wapo waliokuwa wakijaza vikapu. Jirani yangu mmoja, mwanamke ninayemheshimu, alikuwa amechuchumaa karibu na miguu ya Kondo akichambua punje zisizo na damu. Sikumchukia. Ana watoto kama mimi.

Askari walipokuja wakakuta mapanga mawili. Moja lilikuwa la Shomari. La pili ni lile letu la kuni, lilikuwa pembeni ya mkono wa Kondo. Kabla watu hawajamfikia, Shomari alilitoa nyuma ya meza akalitupa pale. Hakuna aliyeona ila mimi.

Sasa Shomari yuko mahabusu, kesi inamngoja. Nilimpelekea uji, akaniambia, "Sema alikuja na panga. Neno hilo moja, nami nitarudi kulea wanangu." Wanaume wawili waliokuja na Kondo nao wamekamatwa kwa uporaji, na wao hawakuchukua hata punje. Baba mkwe ameniambia nikimnyonga mwanawe, watoto anawachukua wote na nyumbani kwake nisikanyage. Mama yangu, ambaye tangu mazishi hali chakula nikimpikia mimi, aliniambia, "Mume utapata mwingine. Kondo mimi sitamzaa tena."

Mwanaidi, binti yangu mkubwa, ameniuliza kama ni kweli mjomba alikuja kutuua. Nilimwambia akachote maji.

Nikisema kweli, baba wa wanangu atanyongwa kwa mdomo wangu, nao watakua wakilijua hilo. Nikisema uongo, kaka yangu amekufa mwizi, na mwanawe mchanga atakuwa mtoto wa mwizi kijiji kizima. Na yule mwanamume akiachiwa, atarudi kulala kitanda kimoja nami.

Msiniambie nivumilie, hilo nimeshaambiwa. Ninyi msionijua, msio na upande, niambieni: nikishikishwa Msahafu pale bomani, niseme lipi? Na nikishalisema, nirudi kwa nani?