Gari la Ohio kwenye Uwanja wa Chama

Kazimierz Dudek, ambaye mtaa wetu wote wa Hamtramck, mji wa viwanda vya magari Marekani, tulimwita Kaz ili kuupumzisha ulimi, alikuwa na mtoto mmoja tu, Krysia, na alikuwa hajamtia machoni kwa miaka saba. Krysia hakufa, wala hakufungwa. Alipata kazi Ohio kwenye kiwanda cha magari cha Wajapani, na mara ya kwanza aliporudi kusalimia wazazi, akaja na gari alilouziwa kazini kwa bei ya mfanyakazi. Kaz alitoka nje na fulana, akasimama katikati ya kile kijinjia chembamba cha gari kando ya nyumba, mikono kiunoni.

"Hilo halikanyagi hapa," akamwambia.

"Basi na mimi sikanyagi," akajibu Krysia, akarudi kinyumenyume mpaka barabarani, akashika njia ya Ohio bila hata kunywa chai.

Mgeni ataona ni ujinga mtupu, na mimi sitabishana naye sana. Lakini kwetu gari si chombo cha kukufikisha kazini tu. Ni mkate wa jirani yako anayeyatengeneza kiwandani, na jirani anakutazama unapoliegesha. Pale ukumbi wa chama cha wafanyakazi kulikuwa na kibao kikubwa kwenye uwanja wa maegesho: gari la kigeni litavutwa kwa gharama ya mwenyewe. Kaz alipostaafu kiwanda chetu cha magari, na goti lake bovu na pensheni yake, aliomba mwenyewe apewe kazi ya kuulinda uwanja ule. Hakulipwa hata senti. Alipewa kizibao cha rangi ya machungwa, akakivaa kama padri anavyovaa joho.

Usidhani hakumkumbuka mtoto. Kila Jumapili mkewe Halina alipompigia Krysia simu, Kaz aliingia jikoni na spana, akalala chini ya sinki kukaza bomba ambalo halikuwahi kuvuja. Halina alipomuuliza kama anataka kuongea naye, alijibu kutoka chini huko, "Msalimie," kisha akagongagonga bomba kidogo. Kila Krismasi alitamani kumwona binti yake mezani, na kila Krismasi alimeza maneno pamoja na supu. Alijua kabisa kilichotakiwa: kusema neno moja tu, njoo. Hakulisema.

Ndipo ukaja ule msimu wa baridi wa mwaka 2008, maji yalipotufika shingoni sote. Kampuni zetu za magari zilikuwa zimebakiwa na fedha za wiki chache. Wakubwa walikwenda Washington kuiomba serikali mkopo, na walikwenda na ndege zao binafsi, aibu ambayo Kaz aliiona kana kwamba ni yeye aliyeshuka nazo. Kwenye televisheni watu wa majimbo mengine walisema waacheni wafe, kwani duka langu lilipofungwa nani alinisaidia? Maseneta walikataa mara ya kwanza. Wengine waliokataa walitoka kusini, kwenye majimbo yenye viwanda vya kampuni za kigeni, na Kaz alipolisikia hilo alimfikiria Krysia kwa hasira ambayo haikumstahili.

Siku moja ukumbini alikuwa akihubiri kwamba Mmarekani asiyenunua gari la kwetu ni msaliti, na kwamba serikali ina deni kwetu. Rafiki yake Leroy Tubbs, waliyefanya naye kazi zamu moja miaka mingi, akamkatiza.

"Kaz, unayakumbuka yale magari tuliyotoa mwaka sabini na tano? Yalikuwa yanaota kutu kabla hayajafika dukani. Tulitengeneza kwa hasira, halafu tunataka mtu wa Texas anunue kwa mapenzi."

Watu wakacheka. Kaz akacheka nao, lakini usiku alimwambia Halina kwamba anaogopa, na si pensheni peke yake wala dawa zake Halina za shinikizo la damu. Aliogopa kwamba huenda wanaosema hatustahili wana haki kidogo. Na kama ni hivyo, akasema, amempoteza mtoto kwa ajili ya nini?  Asubuhi yake Halina akapiga simu Ohio, na haikuwa Jumapili.

Siku ya tangazo ilikuwa Ijumaa, wiki ya kuelekea Krismasi, na theluji ilimwagika tangu alfajiri. Manispaa ilikataza magari kuegeshwa barabarani ili njia zisafishwe, kwa hiyo uwanja wa chama ulijaa mapema. Ndani, watu walikuwa wamebanana mbele ya televisheni, roho mkononi, wakingoja rais aseme kama mkopo upo au haupo. Kaz alibaki nje na kizibao chake, akizunguka kati ya magari yaliyofunikwa meupe.

Kwenye kona akaona gari ambalo umbo lake halikumpendeza. Akapangusa theluji kwa glavu mahali pa nembo, hapo tu, akaona alichotegemea kuona. Siku ya kufa na kupona, na mtu ana ujasiri wa kuleta hilo hapa! Dale Hutchins, mwenye gari la kuvuta, alikuwa amesimama ng'ambo akisubiri riziki ya theluji. Kaz akampungia mkono. Kabla kahawa ya Kaz haijapoa, gari lilikuwa limeinuliwa na kuondoka.

Akaingia ndani wakati rais anaanza kuzungumza. Mkopo upo. Masharti yake makali, lakini upo. Ukumbi ulishusha pumzi yote kwa pamoja. Wanaume wenye viganja vigumu walilia waziwazi, na Leroy alimkumbatia mtu asiyemjua. Kaz alitafuta kiti akakaa.

Alipoinua macho akamwona Halina karibu na birika la kahawa, Halina ambaye hakuwa na desturi ya kuja ukumbini. Kando yake alisimama mwanamke mwenye mvi chache mbele. Ilimchukua Kaz muda kutambua kwamba mvi zile ni za mtoto wake.

 Krysia alikuja, Kaz akainuka, wakashikana, na Kaz akalia begani kwake bila kujali nani anatazama. Swali la kwanza la mtu wa huku ni umekuja na gari gani, na Kaz, kwa mara ya kwanza maishani, hakuuliza.

"Ngoja nikalete keki ya mama," Krysia akasema, akijifuta macho. "Nimeiacha kwenye gari, pale konani; barabarani wamekataza."

Kaz akajua ni gari gani hilo. Angeweza kunyamaza, aende nje, ashangae pamoja naye. Wazo lilimpitia, sitaficha. Lakini akamshika mkono.

"Halipo," akasema. "Limevutwa. Nimelivutisha mimi."

Krysia alimtazama. "Hata leo, Baba?"

Halina akajishika mdomo. Leroy, Mungu ambariki, akatoa funguo za pikapu yake, akasema twendeni.

Walikaa watatu mbele, Krysia katikati, na theluji ikipigwa na vifutio. Kaz akajitetea kwamba alipangusa nembo tu, angepangusa na namba angejua ni la Ohio.

"Na lingekuwa la binti wa mtu mwingine?" Krysia akauliza.

 Leroy akamuuliza Krysia wenzake wa kule wanasemaje kuhusu mkopo.

"Walikuwa wanasali upite," akasema. "Zamu zetu zimeshapunguzwa. Viti, taa, usukani, vyote tunauziwa na viwanda vilevile vinavyowauzia nyinyi. Mkianguka nyinyi, vinaanguka, na sisi kazi inasimama siku ya pili. Nimetoka usiku wa manane kwa sababu sikutaka kusikia tangazo peke yangu."

Huku akisema alikuwa anasugua shina la kidole gumba, palepale Kaz alipopasugua miaka yote kwa maumivu ya ile bunduki ya kukazia skrubu kiwandani. Kaz aliona. Akauchukua mkono ule, akaanza kuusugua yeye, na Krysia akamwachia.

Kwenye uwanja wa magari yaliyovutwa, Dale na vijana wake walikuwa wanaota moto wa pipa. Sheria ni kwamba anayechukua gari aseme ni la nani, na Dale alipoona ni Kaz aliuliza kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Kaz akawatazama wote.

"Ni la binti yangu," akasema. "Nipe karatasi nilipie."

Hakuna aliyecheka mpaka walipoondoka.

Kabla ya kupanda, Kaz aliufungua mlango wa dereva akaufunga, akatega sikio. Akaufungua tena, akapitisha kidole kwenye mpira wa pembeni kutoka juu mpaka chini. Kazi yake kiwandani ilikuwa milango.

"Nani kaufunga huu kiwandani?"

"Mimi," Krysia akasema. "Niko milango tangu mwaka wa pili. Labda si huo hasa, lakini ya aina hiyo ni yangu."

"Umekaa sawa," Kaz akasema.

Walipofika nyumbani, kijinjia kilikuwa na nafasi ya gari moja tu, na pikapu ya Kaz ilikuwa imekikalia. Kaz akashuka, akaiondoa pikapu yake mwenyewe, akaipeleka uwanja wa chama, kisha akarudi kwa miguu akichechemea kwenye theluji. Krysia alikuwa bado barabarani, injini inaunguruma, hathubutu.

Kaz akasimama katikati ya kijinjia. Bi Siwek wa nyumba ya pili aliacha koleo lake akamtazama, na wa ng'ambo naye akatoka. Kaz akainua mikono yote miwili, akaanza kumwelekeza binti yake: njoo, njoo, kata kidogo kushoto, njoo.