Yaya Georgette na maji aliyoyalisha

Moyo wangu bado unakataa. Jana simu ilisema yaya Georgette ametutoka, nami nikauliza "Georgette gani?" kana kwamba nilikuwa na mwingine.

Ninyi mnaonifuata hapa mmezoea picha za harusi. Ndiyo, mwezi haujaisha tangu niolewe, na kila nikiandika "mume wangu" natabasamu peke yangu. Leo nivumilieni, nimwandike yaya, yaani dada mkubwa, kama tunavyowaita waliotutangulia.

Tulifanya kazi pamoja hapa Kamina, Kongo, miaka ya tisini ikiisha na vita vikiendelea, kwenye hoteli ndogo karibu na gare, kituo cha treni. Mimi nilikuwa réception, nikipokea wageni. Yeye alikuwa wa vyumba na samaki.

Patron wetu, mwenye hoteli, mfanyabiashara mwenye asili ya Maniema, aliweka mlangoni tangi kubwa la kioo lenye maji ya chumvi na samaki wa bahari walioletwa kwa ndege. Bahari yenyewe hakuna kati yetu aliyewahi kuiona.

Safari moja samaki wapya waliingizwa humo moja kwa moja. Walikuja na madoa meupe, wakawaambukiza wenyeji, tukabaki na wawili tu. Yaya alilia kama mtu aliyefiwa. Akaapa kwamba tangu siku ile mgeni ataanza kwenye tangi lake dogo, peke yake, mpaka ijulikane kama ana ugonjwa.

Patron aliposema wengine wako njiani, yaya aliliandaa tangi hilo kwenye chumba cha mashuka. Hakutia mchanga. Alitia kipande cha bomba ili mgeni apate pa kujificha, na sifongo la pampu kutoka tangi kubwa. Kisha kila asubuhi akadondosha chakula kidogo ndani, na samaki hata mmoja hayumo.

"Yaya, unakulisha nani?"

"Mado, mu maji muko badudu badogo, macho haione. Njo banasafisha maji. Bakikosa chakula, banakufa, na samaki akikuja naye atakufa."

Ndege haikuja. Yaya akaendelea kulisha.

Sikupenda kuingia chumba kile. Chembe za chakula zilizama polepole, nikigeuka kuchukua shuka na kurudisha macho, hazipo. Mara nyingine maji yalitikisika kama mtu aliyerudisha mkono wake haraka. Nilijiambia ni pampu. Siku moja yalitikisika jenereta ikiwa imezimwa.

Maneno yakatoka nje. Treni zilikuwa zimewapeleka vijana wetu kaskazini, vitani, na hawakurudi. Mama Ngoie, aliyetuuzia makaa, alikuwa na mwana kati yao. Akasikia kwamba pale hotelini kuna mwanamke anayelisha wasioonekana.

Walikuja alasiri, kundi zima la mtaa na askari wawili. Patron alikuwa Lubumbashi. Mama Ngoie alitangulia.

"Weye Georgette, uko unakulisha nani mule?"

"Maji, mama. Niko nakulisha maji."

Mtu akacheka vibaya. "Nani anakulisha maji? Mulozi huyu! Batoto betu njo beko mule!"

"Leteni essence, tumuchome," akasema mwingine, na mkono wa mtu ukamshika yaya shingoni.

Mimi nilisimama nyuma ya meza ya réception. Aliyepita katikati yao ni Dieudonné, kijana wa jenereta, ambaye nilikuwa nimeshampenda bila yeye kujua. Alikunja mkono wa shati mpaka begani.

"Kama mule muko kintu, kinikule minyi."

Naye yaya, ameshikwa shingo vile vile: "Dieudonné, iyo mikono iko na mafuta. Nawa kwanza, utaniharibia maji."

Akanawa. Watu wote wakamngoja anawe.

Kisha tukamfuata mpaka chumba cha mashuka, akaingiza mkono kwenye tangi mpaka chini, hadi ndani ya bomba, akafumba macho. Alipoutoa, Mama Ngoie alimsogelea karibu sana.

"Muko nani mule, mwanangu?"

"Amuna muntu, mama."

Aliviangalia vidole vile vyenye maji, kisha akalia kama mtu aliyenyimwa. Wakamwachia yaya. Wakaondoka mmoja mmoja.

Kesho yake Mama Ngoie alirudi peke yake na tonge la bukari, ugali wetu, ndani ya jani. Yaya hakumkataza. Alimwacha alitie kwenye tangi, na mama alipotoka akalichota kwa kikombe ili maji yasioze.

Wale samaki hawakufika kamwe. Mafuta ya jenereta yalipokwisha, yaya aliyamwaga maji yale mwenyewe uani, akisema maneno ya chini chini. Sikumuuliza.

Jana, baada ya simu, mume wangu aliketi kando yangu. Ndiye huyo huyo Dieudonné, kipenzi changu, aliyechukua miaka yote hii kuniuliza swali moja. Akautazama mkono wake wa kuume.

"Mado, siku ile kintu kilinikamata kidole. Polepole, sawa mutoto mwenye anataka umungoje."

"Na ulisema amuna muntu."

"Bangemuua yaya."

Yaya, sijui nani alikuwa mle, na nadhani wewe ulijua. Ninachojua ni kwamba kwa neno lile moja ulipata kuzeeka. Ulilea watoto wako, ukanichosha kwa ushauri, na mwezi huu ukacheza kwenye harusi ya mwongo aliyekuokoa.

Nitampenda kwa niaba yetu wawili. Ulale vizuri, yaya wangu.