Maisha ya Mama Ulagammal, Aliyefungua Mdomo wa Bwawa la Kuruvimangalam

Alizaliwa mwezi wa Thai, baina ya Januari na Februari, mwaka 1926, katika kijiji cha Kuruvimangalam, kwenye nchi kavu ya Watamil, kusini mwa India, akapewa jina la Mama, mungu wa kike wa hekalu letu, ambaye bwawa lake la ngazi za mawe liko upande wa mashariki. Baba yake, Arunachalam, alikuwa mkuu wa Mtaa wa Juu, na kila sikukuu ya Panguni, sanamu ya Mama ilipoelea juu ya chelezo bwawani, yeye ndiye aliyefungwa kitambaa cha heshima kichwani kabla ya mtu mwingine yeyote. Waandishi wa maisha ya watu wa Mungu hupenda kusema kwamba mtoto wao alizaliwa huku taa zikijiwasha zenyewe. Huyu alizaliwa akilia kama watoto wote, na akakua akiwa msichana mwenye majivuno, mwepesi wa kuoga na mwepesi wa kununa. Tunalisema mapema, maana asiyelijua hilo hataelewa yaliyofuata.

Mwaka 1941 mvua ilikosekana na visima vya Mtaa wa Chini vikabaki tope. Sheria ya siku zile ilikuwa hii: watu wa Mtaa wa Chini, waliohesabiwa kuwa najisi, hawakukanyaga ngazi za bwawa. Walisimama juu na vyungu vyao, wakingoja mtu wa Mtaa wa Juu ateke na kuwamiminia bila kuwagusa. Asubuhi moja Madathi, msichana wa rika la Ulagammal, alikuwa amesimama hapo tangu jua kuchomoza. Ulagammal akapita na sinia la maua.

"Bibi mdogo, nimiminie kidogo tu," Madathi alimwambia. "Mama yangu ana homa."

"Nimeshaoga mimi. Ngoja atokee mwingine."

Akaingia hekaluni. Alipotoka, alimkuta Madathi kwenye ngazi ya mwisho, chungu kimo majini, naye akapiga yowe. Wanaume wakaja mbio. Madathi alifungwa kwenye nguzo ya hekalu akachapwa, chungu chake kikavunjwa, na alipofunguliwa mama yake alikuwa amekwisha kufa kwa kiu na homa. Ulagammal aliliona jambo lote akiwa mlangoni na sinia lake mkononi.

Wazee wakakutana kulitakasa bwawa. Walimwaga maziwa, wakamwaga manjano na mkojo wa ng'ombe, wakaridhika. Ndipo mmoja wao akauliza maji yenyewe yanatoka wapi. Kila mtu alijua yanatoka wapi. Mfereji unaoleta maji ya mvua kutoka ziwa la mashamba hupita nyuma ya nyumba za Mtaa wa Chini, na babu zetu wote walikuwa wameyanywa maji hayo bila kuugua. Lakini wazo hilo lilipoingia vichwani halikutoka tena. Kwa amri ya Arunachalam, mdomo wa mfereji ulizibwa kwa mawe na chokaa, ili uchafu wa watu usimfikie Mama. Walimtakasa Mama mpaka akakauka.

Mwaka uleule Ulagammal aliolewa na Vellaichamy, mkulima wa kijiji cha jirani. Kipindupindu kilimchukua mumewe mwaka 1949, kabla hawajapata mtoto, na wakwe wakamrudisha kwao amevaa nyeupe, bila kidani cha ndoa, bila manjano usoni. Baba alikuwa amefariki na ukuu umeshikwa na kaka yake, Kathirvel. Huko kwao aliishi kama wajane wetu wanavyoishi. Mtu akianza safari asubuhi na kukutana naye, alitema mate pembeni, akarudi ndani kunywa maji, kisha akaanza safari upya. Bwawa nalo lilikuwa limeota mathenge, miti ya miiba, mpaka ngazi zikapasuka. Watu walitupa humo mbwa waliokufa na chupa zilizovunjika.

Wito wake ulimjia kwenye sikukuu ya Panguni mwaka 1958. Kwa kuwa hakukuwa na maji, wanaume walishusha chelezo hadi kwenye vumbi la bwawa, wakakibeba mabegani wakiyumbayumba, ili Mama adhani anaelea. Kuhani aliimba wimbo wa mawimbi huku akikohoa vumbi. Ulagammal alichungulia kutoka nyuma ya ukuta, kwa sababu wajane hawakaribishwi, na kwanza akacheka. Halafu akaona aibu kuliko alivyopata kuona maishani mwake. Alisema baadaye kwamba Mama alikuwa akilaghaiwa kama mtoto anayepewa kidole anyonye. Kesho yake alichukua sururu, jembe na karai, akashuka.

Kijiji kilipata la kuongea. "Ulagamma, unamtafuta marehemu humo?" wanawake walimtania wakipita. "Ukimpata mwambie bado tunamdai mbuzi!" Kathirvel alimwacha. Mjane lazima apate la kushughulisha mikono, alisema, na mathenge ni kuni nzuri. Ulagammal alichimba miaka minne, peke yake na siku nyingine na wajane wenzake. Alikata mathenge, akang'oa mizizi, akabeba tope kavu kichwani, na mkono wake wa kushoto ukakatwa na chupa ukabaki na vidole viwili visivyokunjika. Mvua ziliponyesha, maji yalifika kwenye kifundo cha mguu, na wiki chache baadaye yakaisha. Wapo wanaosema hakujua sababu. Alijua tangu siku ya kwanza, maana mdomo ule ulizibwa yeye akiona. Alichimba miaka yote hiyo ili asiende mahali alipopaswa kwenda, na hili alilikiri mwenyewe.

Alikwenda mwaka 1962, mchana, siku ambayo Mtaa wa Chini wote ulikuwa nje unapepeta mpunga. Madathi alikuwa mama wa watoto watatu sasa, na uani kwake ndiko mfereji ulikopita. Hakusimama kumpokea mgeni.

"Leo umeoga au hujaoga?" aliuliza.

"Ni mimi niliyepiga yowe," alisema Ulagammal.

"Nilikuona. Ulidhani nilikuwa nimefumba macho?"

"Uliniomba maji nikakunyima. Mama yako alikufa kwa sababu yangu."

"Sema kwa sauti. Bibi yule pale masikio yake mazito."

Akarudia kwa sauti. Nyungo zilikuwa zimesimama. Madathi akamtaka arudie tena, naye akarudia, na safari hii alikuwa analia.

"Haya, umesema. Sasa unataka nini? Watu wenu hawaji huku bure."

"Mfereji uzibuliwe. Maji yapite hapa kwako yaende bwawani."

Madathi alicheka kicheko kibaya. "Yapite uani kwangu, yaende kwa Mama yenu, na sisi tuyapungie mkono?"

"Chungu cha kwanza utateka wewe. Kwa mkono wako, kwenye ngazi ya mwisho."

"Kaka yako atakuua."

"Labda."

"Labda nini, wewe! Atakuua." Madathi akachukua ungo wake. "Sijakusamehe, usije ukaenda kujisifu huko."

"Sikuja kwa hilo."

"Basi chimba. Uani kwangu ruhusa."

Ulagammal alikwenda moja kwa moja akamweleza Kathirvel alichoahidi. "Afadhali Mama akae mkavu kuliko kunywa maji ya kule," kaka alijibu. Na kwa kuwa dada yake hakurudi nyuma, Mtaa wa Juu ulimfanyia matanga akiwa hai. Walivunja chungu njia panda, wakaoga kama watokao kuchoma maiti, wakamtangaza marehemu. Kuanzia hapo hakuna wa damu yake aliyemgusa wala kumjibu salamu. Alijenga kibanda cha makuti kando ya bwawa, akaishi kwa uji wa wimbi uliochachuka na pilipili mbichi, ambao Madathi aliutuma kila siku bila salamu. Watu wa Mtaa wa Chini walisafisha mfereji pamoja naye. Lakini mdomo ulibaki tatizo, maana uko ndani ya ukuta wa bwawa, na kila alipochokonoa jiwe, watu wa Kathirvel walikuja na chokaa mbichi wakaliziba tena mbele ya macho yake.

Mvua kubwa ya mwezi wa Aippasi, mwaka 1966, ilivikuta vitu hivi vyote jinsi vilivyo: mfereji safi, na mdomo uliozibwa. Maji yalishuka kwa kasi kutoka ziwa la mashamba, yakagonga mawe, yakarudi nyuma kwenye nyumba za Mtaa wa Chini. Hilo Ulagammal hakuwa amelifikiria, na twasema ukweli, lilikuwa kosa lake. Kufikia saa nane mchana ukuta wa udongo wa Madathi ulikuwa umeanguka na watoto wamepandishwa juu ya paa. Wanaume wa Mtaa wa Juu walisimama kwenye tuta na miavuli. "Sasa watajua mfereji ni wa nani," Kathirvel alisema.

Ulagammal akachukua mtaimbo, akashuka ngazi za bwawa hadi kwenye mdomo, upande ule ambao maji yangetokea. Kila aliyemwona alielewa. Madathi alikuja akikimbia, maji yakimfika mapajani, mtoto mgongoni.

"Toka humo! Nyumba itajengwa tena! Toka, Ulagamma!"

Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwita kwa jina. Ulagammal aligeuka. "Usisahau, unateka wewe kwanza," alisema, kisha akaendelea kuchokonoa. Jiwe la chini lilipolegea, ukuta wote ulifunguka kwa pamoja. Maji na mawe vilimchukua. Alikuwa na umri wa miaka arobaini.

Asubuhi bwawa lilikuwa limejaa mpaka ngazi ya tatu, na mwili wake umeegemea upande wa hekalu. Mtaa wa Juu walikuja wakatazama. Kuhani alifunga mlango, kwa maana bwawa limetiwa najisi na maiti. Ndugu zake walisema hawana maiti ya kuosha, wao walikwisha kumlilia. Kathirvel alisimama juu kabisa, na alitamani kushuka, hilo lilionekana na wote. Hakushuka. Basi Madathi alipita katikati yao na chungu cha udongo, akashuka hadi maji yalipoanzia, akateka. Hakuna aliyethubutu kupiga yowe. Kwa chungu hicho cha kwanza alimwosha Ulagammal. Alimtoa tope kwenye nywele na kwenye kucha, akavinyoosha vile vidole viwili, kisha akampaka manjano usoni, ambayo alikuwa amenyimwa tangu mumewe afe. Alichomwa kwenye uwanja wa Mtaa wa Chini, na mwana wa kwanza wa Madathi ndiye aliyewasha moto.

Maajabu yanayosimuliwa ni mengi. Wengine husema mayungiyungi yalichanua siku ileile. Waliokuwapo wanasema yalichukua mwaka. Wengine husema mwili haukuwa na jeraha. Ulikuwa na majeraha. Ajabu tunayoweza kuiapia ilitokea kwenye ukame wa mwaka 1969, wakati visima vya Mtaa wa Juu vilipokauka. Miaka mitatu walikuwa wamekataa kuligusa bwawa. Mke wa Kathirvel, Ponnuthayi, alikuja na chungu mbele ya watu, akasimama juu ya ngazi.

"Maji ya maiti haya. Si mlisema wenyewe?" Madathi alimwambia.

"Wanangu wana kiu, dada."

Hakuna mtu wa Mtaa wa Juu aliyewahi kumwita hivyo. Madathi akasogea ampishe. Kathirvel yeye aliendelea kuletewa maji kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka mbali mpaka alipofariki, na hata leo ziko nyumba zinazofanya vivyo hivyo. Kila Panguni chelezo huelea, lakini hakisukumwi kabla mwanamke wa Mtaa wa Chini hajateka chungu cha kwanza. Mara mbili ilibidi polisi waje ili ateke.

Wanaokuja kwenye kibanda chake huleta maua na kuuliza wafanye nini ili wafanane naye. Wengi hutaka kupewa jembe. Jembe si gumu. Yeye mwenyewe alilishika miaka minne akijificha nyuma yake. Anayetaka kumfuata Mama Ulagammal aende kwa mtu aliyemkosea, mchana, watu wakiwapo, alitaje kosa lake kwa sauti, na akiambiwa arudie, arudie. Asitegemee kusamehewa. Madathi aliishi mpaka mwaka 1998, na alipoulizwa kama alimsamehe, alijibu kwamba alimwosha.