Kosa la Mpishi

Jumamosi, kwenye maktaba yetu ya mtaa hapa Mbugangari, kikundi chetu cha wasomaji kilikaribia kumaliza riwaya ya upelelezi. Kabla ya sura ya mwisho, msimamizi alitaka kila mmoja amtaje muuaji. Wiki ilikuwa imetuchosha, tukajibu haraka haraka: mpishi.

"Ananyamaza sana yule," akasema mwalimu mstaafu. Tukaitikia kwa vichwa.

Akabaki mama mmoja anayevuka mpaka kila siku kuuza nyanya Goma. Alikuwa anajikanda magoti.

"Mi sitaji mutu sikuona."

"Mama, iko kitabu tu," msimamizi akambembeleza.

"Bon, iko kitabu. Lakini mi nilionaka mutu anatajwa juu ya kunyamaza tu."

Akarudi kukanda magoti. Hatukumuuliza ni nani aliyetajwa, wala alipelekwa wapi. Huku kwetu, watu wa umri wetu, tulioona miaka ya mauaji, hatuulizani hayo.

Sura ya mwisho ikasomwa. Muuaji alikuwa daktari, yule mcheshi tuliyempenda sote. Tukapanga viti, tukaagana. Hakuna aliyemwomba mpishi radhi. Ni mtu wa kitabuni, na hata hivyo hana mazoea ya kulalamika.