Sabuni Haitoki Mpaka Ulimi Ukubali

Siku ya kwanza nilipoanza kazi nililambishwa sabuni. Msicheke. Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi Getruda bado binti, nimetoka kwetu Ikola kwenda kuajiriwa kwenye misheni ya kando ya ziwa. Nilifika na kanga yangu safi nikitegemea kuonyeshwa beseni na nguo. Sista aliyesimamia ufuaji, mwanamke mfupi mwenye sauti nene, akanipa kipande cha sabuni akasema, "Lamba."

"Sista, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Gusa kwa ncha ya ulimi."

Nikagusa. Ilinichoma kama nimeng'atwa na siafu, nikatema chini mbele yake bila hata kuomba radhi. Akanipa kipande cha pili kutoka kichanja cha mwisho. Nililamba nimefumba macho, lakini hicho hakikuuma, kilikuwa na ladha ya sabuni tu.

"Cha kwanza kina wiki moja," akasema. "Cha pili kina miezi miwili. Hapa sabuni haitoki mpaka ulimi ukubali. Na ni ulimi wako wewe uliyeipika, si mikono ya mwenzako anayefua."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Nyie mnaonunua sabuni ya unga kwenye pakiti mnadhani sabuni huota dukani. Sisi tulianza na majivu. Tulichoma maganda ya ndizi na mikungu mitupu ya mchikichi, kwa sababu majivu yake ni makali kuliko ya kuni za kawaida. Tuliyashindilia kwenye chungu kilichotobolewa chini na kutandikwa nyasi, tukamimina maji juu, yakachuruzika taratibu kwenye chombo kingine yakiwa ya rangi ya chai. Kuyapima tulitumia yai bichi. Likizama, maji bado mepesi, unayarudisha juu yapite tena. Likielea na kutoa utosi mdogo, yamefika.

Mawese nayo tuliyaunguza kwanza mpaka wekundu upungue, halafu tukayachanganya na yale maji kwenye pipa la chuma. Nasema chuma! Sufuria ya alumini hutobolewa na maji ya majivu, nimeona kwa macho yangu. Tulikoroga kwa mwiko wa mninga kuanzia asubuhi mpaka jua linageuka, uji ukawa mzito. Kisha tulitia chumvi iliyoyeyushwa, na hapo sabuni ilijitenga na kupanda juu kama maziwa yaliyoganda, maji machafu yakabaki chini. Tuliikusanya, tukaimimina kwenye visanduku vya mbao, ikishaganda tukaikata mche mche na kuipanga kwenye vichanja, vilevile kama wanavyoanika dagaa kwetu. Baada ya hapo kazi ilikuwa moja, kungoja. Kiangazi mwezi mmoja na nusu. Masika miezi miwili na zaidi, maana hewa ina maji na sabuni haikauki.

Ndiyo maana masika hatukupenda kupika sabuni. Masika ilikuwa ya mikeka na vikapu, ukindu ukiwa laini. Warina asali walipotoka porini tulinunua masega yaliyokamuliwa, tukayachemsha na kuyachuja, tukapata nta ya mishumaa ya Krismasi. Tulikuwa tunachovya utambi, tunautundika upoe, tunachovya tena, mara thelathini kwa mshumaa mmoja. Kila kazi ilikuwa na msimu wake na hakuna aliyebishana na msimu.

Nilikaa kwa Sista miaka minne. Kisha hospitali moja ndogo ya kambi ya wachimbaji, huku Mpanda, ikahitaji mtu wa sabuni, kwa sababu ya dukani ililetwa na treni na mvua zikiharibu reli wanakaa wiki nzima na mashuka machafu. Sista akaniandikia barua nzuri. Nikapanda lori na mwiko wangu, pamoja na Mama Hamisi, jirani yetu wa Ikola, ambaye mumewe alikuwa mgodini. Yeye akawa mfuaji, mimi mpishi wa sabuni. Alikuwa ananizidi umri na aliniita mwanangu.

Mkubwa wangu pale alikuwa Bwana Stoo. Stoo ya kila kitu ilikuwa mikononi mwake, kuanzia dawa mpaka ndoo, na kila neno lake lilianza na "mimi nasema". Soksi zake zilifika magotini na hazikuwahi kuona tope. Kwanza tulielewana, maana sabuni yangu ilikuwa safi, na aliisifu mbele ya Daktari Mkuu kana kwamba ameipika yeye.

Mwaka mmoja mvua zimeanza, mimi nimetoka kupika pipa la mwisho, akaja mbio. Kuna mgeni mkubwa anakuja kukagua hospitali. Mashuka yote yafuliwe, mapazia yafuliwe, na stoo haina sabuni.

"Toa ile ya juzi," akasema.

"Bwana, ile ni changa. Ina siku tatu."

"Mimi nasema imeganda. Nimeigusa."

"Kuganda si kuiva. Mvua hizi, mpaka miezi miwili. Itababua watu. Naomba siku mbili, nikaazime misheni."

"Mgeni yupo hapa keshokutwa. Wewe unataka kunifundisha kazi?"

Nikasema sitoi. Ng'o. Nikafunga chumba cha vichanja kwa kufuli, nikampa mlinzi habari, nikaenda zangu kutafuta lori la misheni. Ujinga wangu ndio huo, na mpaka leo najilaumu. Nilisahau kwamba mwenye stoo ana ufunguo wa pili wa kila mlango.

Niliporudi na kikapu cha sabuni iliyokomaa, mashuka yalikuwa kwenye kamba, meupe kweli. Mama Hamisi alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono ameiweka juu ya mapaja kama vitu vya mtu mwingine. Ngozi ilikuwa imetoka kuanzia vidole mpaka karibu na viwiko. Alikuwa amefua siku nzima kwa sababu aliambiwa asimame hapo mpaka yaishe.

"Mama, kwa nini hukuacha?"

"Bwana Stoo aliniambia wewe ndiye umesema itolewe," akasema. "Nikajua mwanangu hawezi kunipa kibaya."

Jamani! Msiniambie hasira hasara. Kuna hasira ambayo mtu akiikosa ana kasoro.

Mgeni alikuja, akasifu mashuka, akaondoka. Siku ya pili nikaitwa ofisini kwa Daktari Mkuu. Bwana Stoo alikuwa amesimama pembeni, ameshasema yake: Getruda ametoa sabuni mbichi kwa uzembe, halafu akaondoka kituoni bila ruhusa. Mama Hamisi alikuja mwenyewe, mikono imefungwa bendeji, akasema, "Daktari, huyu bwana ndiye aliyefungua kile chumba. Nilimwona." Bwana Stoo akajibu kwamba wanawake wa ziwani hulindana. Ikaishia hapo. Mtu ameunguzwa, anasema nani amemuunguza, na neno lake linafutwa kama jasho.

Nikatoa mfukoni mche mmoja wa ile sabuni, nikauweka juu ya meza. "Daktari, kwa wapishi wa sabuni kuna kiapo kimoja tu. Aliyeitoa ailambe. Bwana huyu ndiye aliyeitoa akisema imeganda, mwambie aguse kwa ulimi."

Daktari akamtazama mwenzake. Bwana Stoo akatabasamu. "Mimi si mbuzi," akasema.

Na Daktari akacheka. Hicho kicheko ndicho kilichonifukuza kazi, barua ilikuja baadaye tu. Nikauchukua ule mche nikaulamba mwenyewe mbele yao, ulimi ukawaka moto, machozi yakanitoka, nikaondoka. Kwenye cheti waliandika: ameachishwa kwa uzembe.

Cheti kile nilikipeleka vituo vitatu. Wote walisoma mstari huo mmoja wakanirudishia. Nikaolewa kijijini Litapunga, nikalima, nikapika sabuni ya nyumbani na kusuka mikeka, na sokoni wapo waliosema, "Usinunue ya huyo, inababua." Mimi! Ambaye sijawahi kutoa mche bila kuutia ulimi kwanza! Mama Hamisi alinunua kwangu mpaka alipokufa. Vidole vyake viwili havikukunjika tena, na alikuwa anachagua sabuni yangu mbele ya watu, kwa sauti, ili wasikie.

Sasa mimi ni mzee, nakaa kwa mwanangu hapa Mpanda, mtaa wa Makanyagio. Juzijuzi kikundi cha akina mama cha mtaani kiliniita kwenye semina ya kutengeneza sabuni. Mwalimu alikuwa binti kutoka mjini, mchangamfu, ana glavu na miwani. Akachanganya mafuta na kostiki ya kopo, ile dawa ya dukani inayofanya kazi ya maji yetu ya majivu, akaimimina. Halafu akafungua sanduku la sabuni aliyotengeneza kwa kikundi kingine wiki iliyopita, akaanza kugawa tukafulie nyumbani. Nikasema haijakomaa. Wenzangu wakaninyamazisha, "Bibi, mwache mtaalamu."

Nikainuka. Magoti yalinisumbua lakini nilifika mbele. Nikachukua mche mmoja kutoka sandukuni, nikamnyooshea. "Mwalimu, lamba."

Watu wakaangua kicheko. Nilikijua kile kicheko, nikajua na jibu linalofuata. Binti akanitazama, akautazama mche. Akavua glavu. Akainama, akagusa kwa ncha ya ulimi.

"Uwii! Bibi, inauma!"

"Ndiyo."

Binti akatema kwenye leso, akafuta midomo. "Tungoje mpaka lini?"

"Mwezi na nusu. Halafu lamba tena."

Akazunguka kwa akina mama mmoja mmoja akiomba radhi, akairudisha ile sabuni yote ndani ya sanduku. Mimi nilikaa kwenye kiti nikalia kama mtoto, na wenzangu wakadhani naumwa. Siumwi. Nililolitaka kwa Bwana Stoo lilikuwa hilo tu.