Bendera ya Kijani

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na maduka ya Kilosa yakajaa sabuni na mitumba, stesheni walianza kupunguza watu. Baba alikuwa mmoja wao. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kusimama jukwaani na bendera ya kijani, kuiruhusu treni iondoke. Alirudi nyumbani, akakalia kiti chake, akanyamaza. Baadaye akaacha na kula.

Nilikuwa nimeacha seminari, ila falsafa haikuniacha. Nilimwona baba anayeyuka, nami woga wangu wote nikaupeleka kwenye swali moja: mtu ni nani akinyang'anywa kazi yake? Nilikuwa na majibu, tena mazuri. Nikakaa karibu naye na kumweleza kwamba utu hautokani na kazi, kisha nikamuuliza yeye anaonaje. Alinitazama kama anayetazama mvua ya mbali. Jioni hiyo hata uji hakuugusa.

Seminari tulikuwa na mwalimu aliyesema kuna maswali yasiyotaka jibu, yanataka kuachwa. Nilimwona mvivu tu.

Mama hakuwa na nadharia. Aliniambia nipande lori niende Mikumi nikamlete mtani wa baba, mwanamke wa Kinyamwezi aliyekuwa akiwauzia madereva chakula kwenye barabara kuu. Nilienda kwa hasira, maana niliona huu si wakati wa mizaha. Wakati wa kurudi hasira ilikuwa imekwisha, imebaki hofu. Kila lori liliposimama niliwaza tutakuta watu wamejaa uani kwa msiba.

Tulikuta kimya. Yule mtani hakupiga hodi. Aliangua kilio mlangoni, akajitupa sakafuni miguuni pa baba.

"Mtani wangu, umekufa bila kuniaga! Mbona wamekuzika kitini?"

Nilitaka kumzuia, mama akanishika mkono. Msibani mtani ana haki ya kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza, na hakuna wa kumkasirikia. Lakini baba alikuwa hai, na niliogopa kwamba tunamsukuma kaburini kwa mikono yetu. Yule mtani alilitwaa koti la kazi msumarini, akalivaa, akaichomoa bendera mfukoni. Akatembea chumbani kifua mbele, mwendo wa baba mtupu, akaipeperusha bendera juu ya kichwa kama anayefukuza kunguru.

Baba alikohoa.

"Bendera haishikwi hivyo," alisema.

Mama aliniminya mkono mpaka ukaniuma. Baba aliinuka kwa kushika ukuta, akamnyang'anya mtani wake bendera, akanyoosha mkono na kuutuliza hapo.

"Maiti huyu ana kiburi," yule mtani akasema, machozi ya kweli sasa yanamtoka. "Basi ale, tusimzike na njaa."

Mama akaleta ugali na mlenda. Swali langu lilikuwa bado mdomoni. Nilitaka kumuuliza baba kimebadilika nini, kwa maana kazi haikurudi na hakuna aliyelijibu swali lile. Nilijua pia kwamba nikiuliza tu, atarudi kitini.

Nikachukua jagi, nikamnawisha. Nilimimina huku nikimtazama usoni, maji yakamwagika mkekani. Baba akaniambia nifanye upesi, ana njaa.